Ndama wa Mtoto: Habari za Vyama vya Vijana wa Mashamba na Maonyesho ya Wilaya



Nilipokuwa mtoto wa shule, aliyechelewa kengele alipewa jembe. Aliyekosa hesabu alipewa jembe. Aliyecheka wakati wa sala alipewa jembe, na siku hiyo shamba la mihogo la shule lilipaliliwa vizuri sana. Mtoto aliyepata hesabu zote alikaa kivulini akisoma kitabu. Hivyo kwa miaka yetu yote pale tulifundishwa somo moja ambalo halikuandikwa ubaoni, ya kuwa jembe ni la wajinga na kivuli ni cha wenye akili. Walimu wetu hawakukusudia jambo hilo. Bali walituhubiri mara kwa mara juu ya heshima ya kazi ya mikono. Lakini tulikuwa tumekwisha kuona kwa macho yetu ni nani anayeshika jembe, na kwa sababu gani.

Sasa mimi mwenyewe ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokuwa walimu. Jambo hilo la jembe halijanitoka moyoni. Kwa hiyo nataka kuwaambieni habari za watu wa nchi nyingine waliopatwa na shida kama yetu, na jinsi walivyojaribu kuitengeneza. Nchi yenyewe ni Marekani. Najua wengine wenu mkisikia jina hilo mnafikiri habari za majumba marefu na motakaa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 watu wengi wa nchi ile walikuwa bado wakikaa mashambani, na watoto wao walisoma katika shule ndogo za chumba kimoja. Humo vitabu vilisema habari za wafalme wa kale na mito ya mbali, wala havikusema neno juu ya udongo uliokuwa nje ya mlango. Vijana waliokuwa hodari walikwenda zao mjini. Waliobaki, watu walifikiri wamebaki kwa kuwa hawakuweza kwenda.

Katika jimbo la Ohio alikuwako msimamizi wa shule za mashambani, jina lake A. B. Graham. Tarehe 15 Januari 1902 aliwakusanya wavulana na wasichana katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba ya korti, katika mji wa Springfield. Hakuwahubiri. Aliwapa kazi za kujaribu kwa mikono yao: kupima udongo wa nyumbani kwao kwa vikaratasi vinavyobadili rangi, wajue kama una uchachu, kupanda mbegu za mahindi zilizochaguliwa, kulima bustani za mboga na maua, na kuandika waliyoyaona. Angalieni, wasikilizaji, mtoto aliyepima udongo wa shamba la baba yake amejua neno ambalo baba hakulijua. Akirudi nyumbani ana jambo la kusema mezani.

Hapo ndipo ulipokuwa ufunguo wa kazi yote, maana wazee wa Marekani nao walikuwa wazee kama wa kwetu. Vyuo vya kilimo vilikuwako, na mabwana shamba walizunguka wakitoa mashauri. Lakini mkulima aliyelima miaka thelathini hakutaka kufundishwa na kijana mwenye viatu safi. Mzee mmoja mashuhuri, Seaman Knapp, aliyefanya kazi katika Idara ya Kilimo ya Serikali yao, aliona kwamba mkulima hasadiki sana anayoambiwa, wala hata anayoyaona kwa jirani yake. Husadiki aliyoyafanya mwenyewe katika shamba lake. Basi wakati mwingine njia ya kufika katika shamba la baba ilikuwa kupitia kwa mtoto. Mpe mtoto eka moja katika shamba lile lile, chini ya mvua ile ile, alime kwa njia mpya, kisha mzee apite kila siku akitazama kwa pembe ya jicho.

Mwaka 1907 katika wilaya ya Holmes, jimbo la Mississippi, wavulana 120 walijiunga na chama cha mahindi namna hiyo. Vyama vya jinsi ile vikaenea upesi. Mwaka 1910 kijana mmoja wa South Carolina, jina lake Jerry Moore, alivuna katika eka moja busheli 228 na robo tatu. Busheli ni kipimo chao. Ya mahindi yaliyopukuswa ni ratli 56. Fanyeni hesabu pamoja nami: ni ratli 12,810, na kama gunia ni ratli 200, basi ni magunia 64 katika eka moja. Siku zile mkulima wa kawaida wa Marekani hakufikisha busheli 30 kwa eka, yaani magunia 8 hivi. Habari za kijana huyu zilivuma nchi nzima, na bila shaka wako wazee wengi waliolala vibaya usiku ule.

Lakini mimi kama mwalimu sikupendezwa zaidi na magunia yale. Nilipendezwa na jinsi walivyotoa alama. Katika mashindano ya vyama vya mahindi wingi wa mavuno ulipata alama 30 tu katika 100. Alama nyingine 30 zilikuwa za faida, maana kijana aliyevuna sana kwa gharama kubwa kupita bei ya mahindi hakuwa mkulima, alikuwa mtu wa kujionyesha. Alama 20 zilikuwa za mahindi kumi ya mfano aliyoyaleta maonyeshoni. Na alama 20 za mwisho zilikuwa za habari aliyoiandika mwenyewe, alilimaje, alipanda lini, mvua ilinyesha lini, alipalilia mara ngapi, nini kilimharibikia. Katika hesabu ya gharama ilimpasa kuandika kodi ya ardhi, hata kama ardhi ni ya baba yake, na saa za kazi yake mwenyewe na za farasi, zote kwa bei. Ni mkulima gani wa kwetu anayejua saa alizotumia katika shamba lake la mahindi? Sisi husema, tumelima. Tukivuna husema, tumepata. Na kati ya maneno hayo mawili hakuna hesabu.

Wasichana je? Hao walianzishiwa chama na mwalimu mwenzetu, Bibi Marie Cromer, aliyekuwa akifundisha katika shule ya mashamba, wilaya ya Aiken, South Carolina. Alikwenda katika mkutano wa walimu akasikia habari za wavulana na mahindi yao, akarudi na swali moja moyoni: na wasichana wangu nitawafanyia nini? Mwaka 1910 akaanzisha chama cha nyanya. Kila msichana alipewa sehemu ya kumi ya eka, ambayo ni kama mraba wa yadi 22 kila upande, alime nyanya yeye mwenyewe. Zilipoiva alifundishwa kuzichemsha na kuzitia katika makopo yaliyofungwa barabara hata hewa isiingie, zikae bila kuoza mpaka msimu wa baridi. Makopo yakauzwa. Na fedha zikawa za msichana.

Nalitaja neno hili la mwisho taratibu, maana wako wanaolisikia na kukunja uso. Katika mashamba yale, kama katika mengi ya kwetu, mwanamke alifanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na fedha akaziona zikipita mkononi mwa mwingine. Msichana wa miaka kumi na minne aliyeuza makopo yake alinunua viatu, au alilipa ada ya shule, au aliziweka akiba. Na zaidi ya fedha, alikuwa amejifunza jambo la elimu bila kuliita elimu: kwamba chakula huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana, na vijidudu hivyo hufa kwa moto wa kadiri fulani kwa muda wa dakika fulani, wala si kwa bahati. Akikosea dakika, kopo linavimba na kupasuka. Hakuna mwalimu mkali kuliko kopo lililopasuka.

Mwaka 1914 Serikali ya Marekani ikatoa sheria, iitwayo Smith-Lever, ya kuunganisha kazi ya vyuo vya kilimo vya majimbo na ya Idara ya Kilimo, ili kupelekea watu wa mashambani elimu huko huko waliko. Vyama vya vijana vikapata nguvu kwa sheria ile. Jina lao likaja kuwa 4-H, kwa kuwa maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya kichwa, moyo, mikono na afya yote huanza na herufi H. Alama yao ni jani la kijani la klova, ambayo ni mmea wa malisho. Klova huwa na vijani vitatu. Yenye vinne ni adimu, na watu wa kule huiona kuwa dalili ya bahati. Tangu mwaka 1927 wanachama wana ahadi yao, wanayoisema wakisimama, ya kutoa akili, uaminifu, utumishi na afya yao kwa chama, kwa jamii na kwa nchi. Na mwaka 1973 dunia nzima ikaongezwa.

Sasa niwapeleke katika mkutano wa chama kimoja. Msifikiri ni mwalimu anayesimama mbele na watoto wanaosikiliza. Mwenyekiti ni mtoto. Mwandishi ni mtoto, naye husoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na mwenzake akiona kosa huinua mkono na kusahihisha. Mtunza fedha ni mtoto. Husema zimeingia ngapi na zimetoka ngapi. Jambo likitolewa, mmoja hulipendekeza, wa pili humwunga mkono, watu hulijadili, kisha hupiga kura. Na aliyeshindwa hutii. Mtu mzima amekaa nyuma, na kazi yake ngumu ni kunyamaza. Mimi nimejaribu, nami nawaambieni ni kazi ngumu kweli kweli.

Tena kila mtoto hupaswa siku moja kusimama mbele ya watu na kuonyesha kazi kwa vitendo. Ameweka meza, juu yake vyombo vyake. Anaunganisha kamba, au anashona tundu la kifungo, au anapandikiza kitawi cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, na huku mikono ikifanya kazi mdomo unaeleza. Kisha watu humwuliza maswali. Mara ya kwanza sauti hutetemeka na sindano huanguka. Mara ya nne hutazama watu usoni. Nimewaona vijana wetu waliopita mitihani mikubwa, lakini wakiambiwa wasimame mbele ya wazee waeleze jambo moja, macho yao hutafuta vidole vya miguu. Si kosa lao. Ni lini tuliwapa nafasi ya kueleza jambo wanalolijua kuliko sisi?

Halafu ndiyo siku kubwa, maonyesho ya wilaya. Desturi hii ni kongwe kuliko vyama vyenyewe. Mwaka 1807 bwana mmoja, Elkanah Watson, alileta kondoo wawili wa aina ya merino katika uwanja wa mji wa Pittsfield, Massachusetts, akawaweka hapo watu wawatazame sufi yao. Watu walikuja wengi kupita alivyotazamia. Akawaza, kama kondoo wawili wanaweza kukusanya umati huu, itakuwaje tukileta wanyama wengi? Miaka michache baadaye wakulima wa wilaya ile ya Berkshire wakawa na chama chao na maonyesho yao ya kila mwaka, na wilaya nyingine zikaiga.

Mtoto wa chama hufika maonyeshoni na kitu alichokitengeneza mwaka mzima: gauni, mkate, sungura, boga, au maksai. Acheni niwaeleze habari za maksai. Kijana humnunua angali ndama, labda kwa fedha za mkopo, na humlisha miezi mingi. Kila ratli ya chakula imeandikwa katika daftari, na kila mara anapompima uzito huandika. Humfundisha kuvaa hatamu na kutembea pole. Humwosha, humchana manyoya. Siku ya maonyesho humtembeza mbele ya mwamuzi, naye mwamuzi humshika mnyama mgongoni na mbavuni, kisha husema mbele ya watu wote kwa nini huyu ni mzuri na yule amepungua wapi. Baadaye unakuja mnada. Maksai yule aliyelala karibu naye zizini, anayemjua kwa jina, huuzwa kwa mchinjaji. Wengi hulia, wavulana na wasichana, wala hakuna anayewacheka. Wakiisha kufuta machozi hupokea fedha, hulipa mkopo, huandika salio. Mwaka ujao hununua ndama mwingine.

Juu ya tuzo ziko njia mbili. Njia moja ni kuwapanga wote kuanzia wa kwanza hata wa mwisho. Nyingine huitwa ya Kidenmaki: kila kazi hupimwa kwa kipimo kilichowekwa tangu mwanzo, si kwa kazi ya jirani, iliyo bora hupata utepe wa buluu, iliyo nzuri mwekundu, inayotaka kutengenezwa zaidi mweupe. Kwa njia hii huenda watoto kumi wote wakapata buluu kama wote wamestahili, au asipate hata mmoja. Mimi naipenda njia ya pili kwa watoto wadogo. Tumezoea mno kuwapanga watoto kwa namba, hata wa kwanza hajui kama anajua, anajua tu kwamba amewashinda wenziwe.

Lakini nisiwasifieni mambo haya kana kwamba hayana ila. Ila ya kwanza ni kupenda sura. Katika mashindano ya mahindi ya siku zile mwamuzi alitaka mahindi yaliyonyooka, mistari sawasawa, punje zimejaa hadi nchani. Mwaka 1904 kijana wa Iowa, Henry Wallace, hajamaliza hata miaka kumi na sita, alitia shaka. Alichukua mbegu za mahindi yaliyokwisha kupangwa kwa uzuri na mwamuzi mashuhuri, Profesa Holden, akazipanda kila moja kwa mstari wake, akapima mavuno. Mahindi yaliyosifiwa hayakuzaa kupita yaliyodharauliwa. Kijana yule alikuja kuanzisha kampuni ya mbegu chotara mwaka 1926, na mwaka 1941 akawa Makamu wa Rais wa Marekani. Basi ukitengeneza maonyesho, mkumbuke. Na wako wazazi ambao humtengenezea mtoto kazi yote, mtoto akabeba utepe tu.

Ila nyingine ni kubwa zaidi, nami siwezi kuipita. Katika majimbo ya kusini vyama vilitengwa kwa rangi. Watoto weusi walikuwa na vyama vyao, maonyesho yao, na mabwana shamba wao, wenye mishahara midogo na kazi nyingi. Wa kwanza wa mabwana shamba hao alikuwa Thomas Campbell, aliyewekwa mwaka 1906 katika chuo cha Tuskegee, akazunguka vijijini na gari la farasi lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya maziwa. Kambi ya taifa ya vijana ilipoanza Washington mwaka 1927, watoto hawa hawakukaribishwa; kambi yao kubwa ya majimbo mengi ilikuja mwaka 1948, huko Louisiana. Sheria ya kuondoa utengano ilitoka mwaka 1964. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyesema ahadi ile ile, akatoa kichwa chake na moyo wake na mikono yake, aliambiwa kwamba utepe wake utafungwa katika uwanja mwingine. Ahadi ilikuwa njema. Waliyoifunga mipaka ni watu wazima.

Na ni kwa njia ya watu hao hao weusi kwamba mambo haya yalifika kwetu mapema. Mwaka 1908 mwalimu mmoja, Bibi Virginia Randolph wa Virginia, alianza kuzunguka katika shule za jirani akifundisha kazi za mikono na usafi wa nyumba, kwa fedha zilizotolewa na bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes. Walimu wa namna yake wakaitwa walimu wa Jeanes, na wengi wao ndio waliosimamia vyama vya bustani na makopo kwa wasichana weusi. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini, mume na mkewe pamoja. Baadaye, mwaka 1962, Kenya ilipata vyama vya 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kwa hiyo mambo haya si mageni kwetu.

Nimebakiwa na dakika chache, niwaambieni tulivyojaribu sisi. Wanafunzi wangu wa ualimu walianzisha chama katika shule moja ya kijijini. Hatukuwa na fedha za maksai. Tulianza na kuku. Kila mtoto alipewa mitetea miwili na daftari. Jembe tuliliondoa katika adhabu siku ile ile, maana haiwezekani kumwambia mtoto asubuhi kwamba jembe ni tuzo, na jioni kwamba ni fimbo.

Mwezi wa tatu kijana mmoja alikuja bila kuku mmoja. Baba yake alipata mgeni, akamchinja. Nilikwenda nyumbani kwao. Yule mzee alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaniuliza, "Mwalimu, tangu lini kuku wa mtoto akawa wa mtoto? Mtoto mwenyewe ni wangu." Nilisema, "Kweli, mzee wangu," na zaidi ya hapo sikuwa na jibu la maana. Wakulima wa Marekani walikuwa na lawama iyo hiyo: ndama ni wa mtoto, lakini akiisha kuwa ng'ombe ni wa baba. Nilirudi nikiwa nimeshindwa.

Mwisho wa muhula tulifanya maonyesho madogo chini ya mwembe, wazazi wakaja. Kila mtoto alisoma daftari lake kwa sauti. Zamu ya kijana yule ilipofika alisoma chakula, mayai, mauzo, kisha akasoma, bila kuinua uso, "Kuku mmoja. Ameliwa na mgeni. Hasara." Watu wakacheka sana. Baba yake naye akacheka, lakini si kama wengine. Siku ya tatu yake, kabla ya kengele, alikuja shuleni amebeba mtetea chini ya kwapa, akamkabidhi mtoto wake mbele ya wenziwe, akaniaga, akaenda zake. Wala hakusema lo lote juu yake. Jioni yule kijana aliniletea daftari nitazame kama amelijaza sawasawa. Ameandika tarehe, na chini yake: "Kuku mmoja, kutoka kwa baba. Deni limelipwa."